Jicho la Rubani Lipatiwe Msaada

Asubuhi ya tarehe 5 Machi, 2024, ndege mbili ziligongana angani juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Moja ilikuwa ndege ya abiria aina ya Dash 8, iliyokuwa imeruka muda mfupi kabla kutoka Kiwanja cha Wilson ikielekea Pwani na watu 44. Ya pili ilikuwa Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo yenye watu wawili. Ile kubwa iliweza kugeuka, ikarudi na kutua salama. Ile ndogo ilianguka mbugani, na wote wawili waliokuwamo, mwalimu na mwanafunzi wake, wakapoteza maisha.

Kila inapotokea ajali ya namna hiyo, watu huuliza swali moja: kwani hawakuonana? Swali hilo ni la haki, lakini ndani yake limebeba lawama, na lawama hiyo aghalabu humwangukia mtu ambaye hayupo tena kujitetea. Ni vyema ikaeleweka kwamba swali hilo halikuzuka mitaani. Limo katika sheria zenyewe za urushaji ndege. Duniani kote rubani anatakiwa, wakati wowote hali ya hewa inapomruhusu kuona, atazame nje, azione ndege nyingine na kuziepuka. Hata anapoongozwa na mnara, wajibu huo haumtoki. Na katika viwanja vidogo visivyo na mnara, vile vinavyowapokea madaktari, wakaguzi wa shule, watalii na watumishi wanaohamishiwa mbali, jicho la rubani na redio yake ndiyo karibu ulinzi wote uliopo.

Kanuni hiyo ilitungwa wakati ndege zilikuwa chache na mwendo wake mdogo. Leo inalidai jicho la binadamu kitu ambacho maumbile hayakulipa. Wakati huo huo kumepatikana mtambo unaoweza kulisaidia jicho hilo, yaani kamera zilizounganishwa na kompyuta iliyofundishwa kuzitambua ndege nyingine angani. Wakuu wa usafiri wa anga wa Afrika Mashariki hawana sababu ya kungoja mpaka mtambo huo uletwe na muuzaji ukiwa umefungwa ndani ya sanduku, pamoja na masharti aliyoyaandika yeye.

Yafaa kwanza udhaifu wa jicho ueleweke, maana wasioujua ndio wepesi wa kulaumu. Jicho la mtu huona kwa makini sehemu ndogo sana ya kile kilicho mbele yake, upana wa nyuzi mbili hivi. Kwingine kote huona kwa ukungu, na huzinduka tu endapo kitu kinatembea. Likitazama anga tupu lisilo na cha kulishika, jicho hujilegeza lenyewe na kutazama karibu, mita moja au mbili mbele ya uso, na hapo kitu kilicho mbali hakionekani ingawa kiko wazi. Nguzo ya dirisha la rubani ikiwa pana kuliko nafasi iliyo kati ya macho mawili, huficha kipande kizima cha anga. Juu ya hayo rubani ana vipimo vya kusoma, redio ya kusikiliza na ramani ya kuangalia. Mwaka 1991 idara ya Australia iliyokuwa ikichunguza ajali za ndege ilitoa taarifa nzima juu ya mipaka ya kanuni hiyo ya kuona na kuepuka, na yaliyoandikwa humo hayajapungua uzito.

Ubaya mkubwa zaidi, hata hivyo, hautokani na jicho bali na jiometria. Manahodha wa pwani wanaujua tangu zamani: chombo kinachoonekana kikisogea mbele au nyuma ya mlingoti kitapita salama, lakini kile kinachobaki pale pale huku kikiongezeka ukubwa, hicho ndicho kinachokuja kugonga. Ndivyo ilivyo angani. Ndege mbili zinazokwenda moja kwa moja kwenye mgongano, kila moja ikishika mwendo na njia yake, huonana zikiwa zimesimama tuli juu ya kioo. Jicho limeumbwa kuzindushwa na kitu kinachotembea. Ndege ya hatari haitembei. Mwalimu wa hisabati anaweza kulithibitisha jambo hilo ubaoni kwa pembetatu mbili zinazofanana, na wanafunzi wakaondoka na kitu ambacho vitabu vingi vya kiada havisemi.

Hesabu yake inatisha. Wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani wamekadiria kwamba, tangu macho yaangukie kitu mpaka ndege ianze kuacha njia yake, hupita sekunde 12.5. Rubani atambue kwamba ni ndege, ang'amue kwamba inamjia yeye, aamue aende upande gani, mkono ufanye kazi, nayo ndege iitike. Sasa zichukuliwe ndege mbili ndogo zinazokabiliana uso kwa uso, kila moja ikienda kilometa 185 kwa saa. Katika sekunde hizo 12.5 zinakaribiana kwa mita 1,290 hivi. Mabawa ya Cessna 172 yana urefu wa mita 11 toka ncha hadi ncha. Kwa umbali huo upana wote wa ndege unakuwa sawa na upana wa mwezi mpevu, lakini bawa linalotazamwa kwa mbele ni jembamba kama uzi, na mwili wenyewe ni kama sehemu moja ya kumi tu ya mwezi. Hicho ndicho rubani anachotakiwa awe tayari amekiona. Akikikosa, nusu ya muda uliobaki itapita kabla kitu hicho hakijaongezeka ukubwa mara mbili. Kinapokuwa kikubwa kiasi cha kumshtua, sekunde zilizobaki ni mbili au tatu.

Hata kuona kwenyewe si kuendelea kuona. Tarehe 25 Septemba, 1978, mjini San Diego, Marekani, marubani wa ndege ya abiria aina ya Boeing 727 waliarifiwa kwamba kuna Cessna mbele yao. Waliiona, wakaipoteza machoni, wakaigonga. Watu 144 walikufa, baadhi yao wakiwa majumbani mwao chini. Usiku wa tarehe 29 Januari, 2025, mjini Washington, helikopta ya jeshi iligongana na ndege ya abiria iliyokuwa ikijiandaa kutua, na watu 67 wakafa. Kutoka ndani ya helikopta jibu lilikuwa kwamba ndege hiyo imeonekana na kwamba wataiepuka wenyewe kwa macho. Mambo mengi yalichangia msiba huo, wala si haki kuutupia jicho peke yake. Lakini miaka zaidi ya 46 baada ya San Diego, nchi tajiri kuliko zote ilikuwa bado imeuegemeza usalama wa abiria juu ya neno la mtu kwamba "ameona".

Pana watakaosema kwamba tatizo hili lilikwisha kutatuliwa na mitambo ya redio. Limetatuliwa kwa wakubwa. Baada ya ndege mbili za abiria kugongana juu ya bonde la Grand Canyon mwaka 1956 na kuua watu 128, Marekani iliunda upya chombo chake cha kusimamia anga. Baada ya ajali ya Cerritos, California, mwaka 1986, iliyoua watu 82, Bunge la nchi hiyo lilipitisha mwaka uliofuata sheria ya kuzitaka ndege za abiria zifungwe mtambo wa TCAS, ambao huziuliza kwa redio ndege zilizo jirani ziko wapi na kumwamuru rubani apande au ashuke. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga likaufanya mtambo wa namna hiyo kuwa lazima tangu Januari 2003 kwa ndege kubwa za injini za tabaini, na tangu Januari 2005 kwa zile zenye uzito unaozidi kilo 5,700 au abiria zaidi ya 19. Hapana shaka kwamba mtambo huo umeokoa watu wengi.

Lakini mtambo huo unauliza swali, na swali lataka mjibu. Ndege isiyo na transponda, yaani chombo kinachojibu mawimbi hayo, haipo kabisa kwa TCAS. Ndege ndogo zilizo chini ya uzito uliotajwa hazilazimishwi kuwa na mtambo wenyewe. Karibu na ardhi, chini ya mita 300 hivi, TCAS huacha kutoa amri kwa kuchelea kumwelekeza rubani chini, na ndipo hapo, jirani na viwanja, ndege husongamana zaidi. Tai naye hana transponda. Tarehe 29 Novemba, 1973, tai aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan kwenye kimo cha mita zaidi ya 11,000.

Ubora wa kamera uko hapo. Haimwombi mwenzake kitu. Mwenye ndege ya jirani awe tajiri au maskini, awe amewasha mitambo yake au ameisahau, ilimradi yuko mbele na anga ni safi, picha yake itaingia kwenye lenzi. Kwa nchi ambazo ndege kubwa za kisasa na ndege ndogo zenye umri wa miaka arobaini hutumia kiwanja kimoja, sifa hiyo ina thamani kuliko nyingine zote.

Namna mtambo unavyofanya kazi haina uchawi. Ichukuliwe kamera inayotazama upana wa nyuzi 60, na picha yake iwe na nukta 4,000 toka kushoto hadi kulia. Cessna iliyo umbali wa kilometa 2 itachukua humo nukta 21 kwa mabawa, na mwili wake nukta mbili tu. Ni kama chembe ya vumbi. Kompyuta hutuliza mtikisiko wa picha, hutafuta chembe zisizofanana na mawingu au ardhi iliyo nyuma yake, kisha huzifuata picha baada ya picha. Chembe inayoonekana mara moja na kutoweka hutupwa. Ile inayorudi mahali panapotarajiwa, mara kumi, mara ishirini, hupewa uzito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, huko Brisbane, ni miongoni mwa waliotangulia kuifanyia kazi njia hiyo kwa kurusha ndege halisi na kuzielekeza nyingine. Siku hizi kazi kubwa hufanywa na programu zilizofunzwa kwa kuonyeshwa mamilioni ya picha. Ile Cessna ya kilometa 2, kwa mwendo uliotajwa hapo juu, iko sekunde 19 mbele. Mtambo ukiikamata hapo, rubani amezawadiwa zaidi ya sekunde 6, na zaidi ya hayo ameambiwa atazame wapi.

Kuna jambo jingine zuri ndani ya kazi hiyo, nalo linastahili kupelekwa madarasani. Kamera moja haiwezi kupima umbali moja kwa moja, maana ndege ndogo iliyo karibu na kubwa iliyo mbali huonekana sawa. Lakini haihitaji kuujua umbali ili kuujua muda. Picha ikiongezeka upana kwa sehemu moja ya kumi ndani ya sekunde moja, zimebaki sekunde kumi, hata kama hakuna ajuaye ukubwa wa ndege ile wala mwendo wake. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuikokotoa hesabu hiyo kwa uwiano peke yake.

Ugumu unaanzia kwenye kutambua. Kiswahili kimeipa jina moja la ndege eropleni pamoja na kunguru, na yaelekea wahenga waliona mbali, maana hilo hasa ndilo linaloisumbua kompyuta: ndege huyu au ndege ile? Mtambo unaopiga kelele kwa kila korongo hauchukui muda kabla rubani hajauzima, na mtambo uliozimwa ni mzigo wa bure. Mtambo unaonyamaza mno nao huua. Kati ya makosa hayo mawili hakuna njia ila kuupima katika anga lile lile utakamofanya kazi.

Hapo ndipo watumishi wa Afrika Mashariki wanapohusika. Mwaka 2021 kampuni ya Amazon ilitoa hadharani mkusanyiko wa picha zaidi ya milioni 5 zilizopigwa angani, ili watafiti wafundishie mitambo yao. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini mtambo hujua kile ulichoonyeshwa. Haujui moshi wa nyasi zinazochomwa wakati wa kiangazi, unaoifanya nchi nzima kuwa na rangi moja ya kijivu toka ardhini hadi mawinguni. Haujui mng'ao wa Ziwa Victoria saa kumi alasiri, wala makundi ya tai na korongo yanayozunguka kwenye hewa ya joto juu ya mbuga. Utakaponunuliwa ukiwa na cheti cha kwingine, cheti hicho kitakuwa kimesema kweli juu ya anga la kwingine.

Hata huko kwingine cheti chenyewe hakijawa rahisi. Programu za kawaida za ndege hukaguliwa mstari kwa mstari mpaka ijulikane kila sehemu inafanya nini. Programu iliyojifunza kwa picha haina mistari ya namna hiyo ya kukagua; ina mamilioni ya tarakimu. Mwaka 2020 shirika la usalama wa anga la Ulaya, kwa kushirikiana na kampuni moja ya Uswisi iitwayo Daedalean, lilichapisha taarifa ya kwanza juu ya namna ya kupata uhakika wa programu kama hizo, na mjadala ungali unaendelea. Aidha kamera haioni ndani ya wingu, na usiku juu ya mji wenye taa nyingi nayo hutaabika. Ni msaada wa jicho. Haichukui nafasi ya rada, wala ya transponda, wala ya mwongozaji mnarani.

Swali la gharama halikwepeki, na mtumishi wa Hazina ana haki ya kuliuliza. Mwaka 2018 Tanzania ilianza mradi wa kufunga rada nne za kiraia katika viwanja vya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Lakini rada haioni nyuma ya mlima, wala haioni chini kabisa kwenye kiwanja cha nyasi kilicho mbali nayo, na hakuna nchi iwezayo kuweka rada kila kijiji. Kamera na kompyuta ndogo ni vyombo ambavyo bei yake imekuwa ikishuka mwaka hadi mwaka. Kilicho ghali ni uthibitisho, na uthibitisho ni kazi ya watu.

Nalo suala halingoji. Tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu katika hospitali za Rwanda. Mwaka huo huo Zanzibar ilianza kupigwa picha za ramani kwa ndege ndogo za aina hiyo, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakashiriki kuzirusha. Chombo kisicho na rubani hakina jicho hata lile dhaifu. Kanuni ya kuona na kuepuka inapokifikia inabaki maneno matupu, mpaka kiwekewe macho ya mtambo au masikio: kampuni ya Zipline, ile ya Rwanda, imetengeneza mtambo unaotegemea vipaza sauti kusikia ndege inayokuja. Wanaoandika kanuni lazima waamue ni upi watakaoukubali, na kwa kipimo gani. Asiye na kipimo chake mwenyewe atakubali kipimo cha muuzaji.

Vyombo vya kuifanya kazi hiyo vipo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, ulioanzishwa mwaka 2007 na wenye makao makuu Entebbe. Pana chuo cha urubani cha Soroti, kilichofunguliwa mwaka 1971, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji mjini Dar es Salaam. Vyuo hivyo vina ndege za mafunzo. Zikifungwa kamera, bila hata kuunganishwa na kitu chochote kinachomwamuru rubani, zitarudi kila jioni na picha za anga ambazo hakuna mwingine aliye nazo: za kiangazi na za masika, za tai na za Cessna. Wanafunzi wa uhandisi watakuwa na kazi ya kuzipanga na kuziandika majina, nao wakaguzi watapata mtihani wa kumpa kila muuzaji atakayekuja.

Sharti moja liandikwe mapema, kabla kamera ya kwanza haijafungwa, nalo ni kwamba picha hizo ziwe mali ya umma wa nchi zilimopigwa, na kampuni itakayotaka kuzitumia ije na mtambo wake ujaribiwe kwazo hadharani, mbele ya wakaguzi, na matokeo yake yachapishwe, pamoja na idadi ya ndege ulizozikosa.